Kutoka "Kaonekana" hadi "Katumwa": Lugha ya Ushuhuda katika Habari za Chui wa Unguja

1.0 Utangulizi

Katika kisiwa cha Unguja habari za chui hazijakoma, ingawa chui mwenyewe amekuwa haba kiasi cha wataalamu wengi wa wanyama kumhesabu miongoni mwa viumbe waliotoweka. Wakaazi wa vijiji vilivyopakana na msitu wa Jozani, pamoja na vile vilivyomo katika ardhi ya maweni ya kusini na mashariki mwa kisiwa, wameendelea kusimulia juu ya chui aliyekatiza njia wakati wa magharibi, mbuzi aliyekutwa ameliwa asubuhi, au nyayo zilizoonekana penye tope. Masimulizi hayo yamewavutia wanazuolojia, wanaanthropolojia, watengenezaji wa filamu na maofisa wa hifadhi, na kila kundi limeyaendea kwa swali lilelile: je, chui yupo au hayupo?

Swali hilo ni la haki, na jawabu lake liko mikononi mwa wataalamu wa wanyama. Hata hivyo, kabla ya kufikia jawabu, kuna kazi ya awali ambayo aghalabu imerukwa, nayo ni kuelewa msemaji anasema nini anaposema kwamba chui ameonekana. Ushuhuda ni tendo la lugha. Una sarufi yake, msamiati wake na kaida zake za usimulizi. Anayeupokea bila kuyajua hayo anaweza kuhesabu kama taarifa ya mnyama kauli ambayo kwa hakika ni tuhuma dhidi ya jirani. Au anaweza kuitupilia mbali, kwa sababu imechanganyika na uchawi, kauli ambayo ndani yake mna jambo lililoonwa kweli kwa macho.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba habari za chui wa Unguja hupitia mabadiliko ya kisarufi yanayofuata utaratibu unaoweza kuelezwa. Kadiri habari inavyopokezanwa, shahidi aliyeona huondoka katika sentensi, na mahali pake huingia mtu mwingine anayedhaniwa kuwa ndiye mwenye mnyama. Mabadiliko hayo si suala la isimu tu. Katika historia ya Unguja yamegusa uhai wa wanyama na usalama wa binadamu. Sehemu ya pili inaeleza kwa ufupi historia ya chui huyo. Ya tatu inachambua kitenzi *kufuga*. Ya nne inatazama sarufi ya kuona. Ya tano inatoa ulinganishi na kisa cha Uingereza. Ya sita inaeleza matokeo. Na ya saba inapendekeza namna ya kuupokea ushuhuda wa aina hii.

2.0 Chui wa Unguja kwa Ufupi

Unguja ni kisiwa chenye eneo la takriban kilomita za mraba 1,600. Kimekaa juu ya kina kifupi cha bahari kilichokuwa nchi kavu iliyoungana na bara wakati wa enzi ya mwisho ya barafu. Maji ya bahari yalipopanda, baadhi ya wanyama wa bara walibaki upande wa kisiwani, akiwamo chui. Pemba, iliyotengwa na bara kwa mkondo wa kina kirefu, haikuwa na chui. Kwa hiyo chui wa Unguja hakuletwa na mtu. Ni mkaazi wa asili aliyetangulia vijiji, mashamba ya mikarafuu na miji.

Mwaka 1932, R. I. Pocock alimweleza kitaalamu chui huyu kutokana na ngozi zilizohifadhiwa na kumpa jina la *Panthera pardus adersi*, kwa kumkumbuka Aders, mwanabiolojia aliyeitumikia serikali ya Zanzibar wakati wa ukoloni. Jina la mtu huyohuyo limo pia katika jina la kisayansi la paa nunga. Chui wa Unguja alielezwa kuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake kuwa madogo yaliyovunjikavunjika badala ya kujipanga katika mafungu yaliyo wazi. Uchunguzi wa baadaye wa nasaba za chui haukumpa nafasi ya kuwa spishi-ndogo ya pekee, bali ulimwingiza katika kundi moja na chui wengine wa Afrika. Vielelezo vyake vilivyosalia katika makumbusho ni vichache mno. Kimojawapo, kilichokaushwa na kupauka rangi, kilihifadhiwa katika makumbusho ya Zanzibar.

Katika karne ya 20 idadi ya watu iliongezeka na mashamba yakapanuka. Msitu na vichaka vilipopungua, chui na binadamu walikutana mara nyingi zaidi, na mifugo ikawa windo jepesi. Martin Walsh na Helle Goldman, ambao tangu miaka ya 1990 wameandika kwa kina juu ya mnyama huyu, wanaiona hali hiyo kuwa ndiyo chanzo cha kukua kwa uhasama na cha kuenea kwa imani kwamba chui wengi hawakuwa wa mwitu bali walikuwa na wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ilifanyika kampeni ya kisiwa kizima iliyounganisha kuwafichua wachawi na kuwaua chui, chini ya uongozi wa mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Baadaye chui aliwekwa katika fungu la wanyama waharibifu. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 alikuwa ukingoni mwa kutoweka, ijapokuwa takwimu za serikali za kipindi hicho bado zilitaja chui waliouawa na wasasi.

3.0 Kitenzi *Kufuga* na Mawanda ya Maana Yake

Masimulizi ya Unguja hugawanya chui mafungu mawili: chui wa mwitu na chui wa kufugwa. Mgeni anayesikia fungu la pili kwa mara ya kwanza hufikiri juu ya zizi, kamba na chakula, kwa sababu maana ya kwanza ya *kufuga* anayoijua ni kutunza ng'ombe, mbuzi au kuku. Tafsiri nyingi za maelezo ya wanakijiji zimekwama hapo. Chui wa kufugwa huonekana kuwa chui aliyezoeshwa kukaa na watu, na mtafiti huomba apelekwe akamwone.

Mawanda ya kitenzi hiki katika Kiswahili ni mapana zaidi. Mtu hufuga ndevu na nywele, yaani huziacha zikue kwa hiari yake. Hufuga maradhi, yaani huuacha ugonjwa ukae mwilini bila kuutafutia dawa. Zaidi ya yote, mtu husemwa kuwa amefuga jini, na hapo *kufuga* ni kuwa na mafungamano ya siri na kiumbe chenye nguvu, kumlisha kwa masharti, kumtuma kwa haja zako na kubeba dhamana ya maovu yake. Katika matumizi yote haya kuna sifa moja ya pamoja: kitu kinachofugwa kipo kwa ridhaa ya mtu, na mtu huyo anaweza kuulizwa juu yake.

Chui wa kufugwa wa masimulizi ya Unguja yuko karibu zaidi na jini wa kufugwa kuliko mbuzi wa kufugwa. Husemwa kwamba mfugaji wake humlisha na kumfunza, kisha humtuma kwa jirani aliyegombana naye ili ale mifugo, atishe watoto au adhuru watu. Husemwa pia kwamba ufugaji huo ni wa siri na kwamba wafugaji hujuana. Kwa hiyo mtafiti anayedai kuonyeshwa zizi ameuliza swali ambalo mfumo wa dhana husika hauna mahali pa kulijibia. Walsh na Goldman wameeleza jinsi wageni kadhaa, wakiwamo wataalamu na watalii, walivyotoa malipo kwa watu waliodai kuwafuga chui au kuwajua wanaowafuga, na jinsi safari hizo zote zilivyoishia patupu. Visa hivyo vinaweza kusomwa kama udanganyifu, na baadhi yake bila shaka ni udanganyifu. Lakini vilevile vinaonyesha makutano ya maana mbili za kitenzi kimoja, ambapo mgeni hulipia maana ya kwanza huku mazungumzo yote ya kijijini yakiwa yanahusu maana ya pili.

Matokeo ya mgawanyo huu kwa thamani ya ushuhuda ni makubwa. Pale ambapo kila chui anaweza kuwa wa mtu, swali la kwanza baada ya chui kuonekana haliwi "ni mkubwa kiasi gani?" wala "alielekea wapi?", bali huwa "ni wa nani?". Mazungumzo huhama kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu. Yale ambayo mwanazuolojia angeyahitaji, yaani rangi, mwendo, saa na masafa, hupungua katika kila usimulizi mpya, kwa kuwa si hayo yanayoishughulisha hadhira.

4.0 Sarufi ya Kuona

Mhamo huo unaweza kufuatiliwa katika umbo la sentensi. Mifano ifuatayo imeundwa kwa ajili ya ufafanuzi, na jina la Juma limetumiwa kama linavyotumiwa katika vitabu vya sarufi:

(1) Juma alimwona chui.
(2) Chui alionwa na Juma.
(3) Chui kaonekana Jozani.
(4) Chui huonekana Jozani.
(5) Chui katumwa.

Katika (1) shahidi ndiye kiima. Yupo wazi, ana jina, na anaweza kuulizwa. Katika (2), iliyo katika kauli ya kutendwa, shahidi amesogezwa mwisho wa sentensi, lakini bado anaweza kutajwa kwa kiunganishi *na*. Umbo hili, hata hivyo, halipendwi sana katika mazungumzo ya kawaida ya kupashana habari za mnyama.

Umbo linalotawala ni la (3). Kitenzi *onekana* kiko katika kauli ya kutendeka. Hueleza hali ya kitu kuwa mbele ya macho bila kudai kutajwa kwa mwenye macho. Sentensi "Chui kaonekana Jozani" imekamilika kisarufi. Msikilizaji hahisi pengo lolote. Kiambishi *ka-*, ambacho katika usemi wa Unguja hushika nafasi ya *ame-*, huongeza upya wa habari: jambo limetokea sasa hivi, na athari yake ingalipo. Kwa hiyo kauli hii ina uzito wa tukio jipya na wakati huohuo haina shahidi. Mtu wa tatu au wa nne katika mnyororo wa habari anaweza kuitamka kwa uthabiti uleule wa mtu wa kwanza, na wala hasemi uongo.

Inafaa kusisitiza kwamba Kiswahili kina njia nyingi za kuonyesha kuwa msemaji hakuona mwenyewe. Kuna *inasemekana*, *yasemwa*, *wasema*, *nimesikia*, na vijineno *eti* na *ati* vinavyobeba pia shaka au dhihaka. Lakini njia hizo ni za hiari. Sarufi haimlazimishi msemaji kuzitumia kama inavyomlazimisha kutumia upatanisho wa ngeli. Katika habari inayosambaa haraka, maneno ya tahadhari huwa ya kwanza kudondoka.

Katika (4) kiambishi *hu-* kimeligeuza tukio kuwa mazoea. Aliyeonekana mara moja sasa ni mwenye kuonekana. Hapa pana utata mwingine wa kimofolojia: neno *chui* halibadiliki umbo katika umoja na wingi, na tofauti hujulikana kwa upatanisho tu, *chui ameonekana* dhidi ya *chui wameonekana*. Kiambishi *hu-* hakichukui upatanisho huo, hivyo sentensi (4) yaweza kuwa na maana ya chui mmoja au chui wengi. Taarifa kumi za namna hii zinaweza kutokana na mnyama mmoja, au na usiku mmoja, au na mtu mmoja aliyesimulia mara kumi.

Ama katika (5), mabadiliko yamefikia ukomo. Kitenzi *tumwa* ni cha kutendwa, na mtendaji hakutajwa. Lakini tofauti na *onekana*, kitenzi hiki hakiwezi kueleweka bila mtendaji. Hakuna kutumwa pasipo mtumaji. Sentensi ambayo mwanzoni ilikuwa na mtu mmoja, yaani shahidi, imempoteza huyo na kumpata mwingine, yaani mtuhumiwa. Naye, kama shahidi wa (3), hatajwi kwa jina, ila kila msikilizaji hukamilisha jina hilo moyoni kwa kutegemea magomvi anayoyajua ya mtaa wake.

Katika hatua zote hizi hakuna mahali ambapo lazima mtu adanganye. Msemaji wa (1) aweza kuwa mkweli kabisa. Yamkini alimwona chui. Yamkini pia alimwona ngawa au mnyama mwingine mdogo katika mwanga hafifu. Wasemaji wanaofuata hutumia maumbo ya kawaida ya lugha yao. Kinachozaliwa mwishoni ni kauli ambayo haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa kumchunguza mnyama, kwa sababu haimhusu mnyama tena.

5.0 Mnyama Mwenye Mwenyewe: Ulinganishi na Cornwall

Msomaji anaweza kudhani kwamba hali iliyoelezwa ni ya pekee kwa jamii inayoamini uchawi. Ili kuipima dhana hiyo inafaa kutazama mahali ambapo chui hakuwa mkaazi wa asili na ambapo maelezo ya kichawi hayatumiki. Kisa cha Bodmin Moor, katika jimbo la Cornwall nchini Uingereza, kinafaa kwa kazi hiyo.

Kwa miaka mingi wakaazi wa eneo hilo la nyika na vijisitu walitoa taarifa za kumwona paka mkubwa mweusi, na wafugaji walilalamikia kondoo waliouawa. Mwaka 1995 Wizara ya Kilimo ya Uingereza ilifanya uchunguzi rasmi. Hitimisho lake lilikuwa kwamba hapakuwa na ushahidi unaothibitika wa kuwapo paka wakubwa wa mwitu katika eneo hilo, ingawa haikuwezekana kuthibitisha kwamba hawapo. Muda mfupi baadaye mwaka huohuo, fuvu lilipatikana katika mto Fowey. Wataalamu wa makumbusho ya historia ya asili ya London walithibitisha kuwa ni fuvu la chui kweli. Lakini ndani yake walikuta kifuko cha mayai ya mende wa nchi za joto. Hitimisho likawa kwamba chui huyo hakufia Uingereza, na kwamba yaelekea fuvu liliingizwa nchini likiwa sehemu ya zulia la ngozi ya chui.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni maelezo yanayotolewa juu ya asili ya wanyama hao. Maelezo yaliyoenea zaidi nchini Uingereza ni kwamba sheria ya mwaka 1976 kuhusu wanyama wa mwitu walio hatari ilipowalazimisha wafugaji binafsi kuwa na leseni, baadhi yao waliwaachilia wanyama wao porini kwa siri. Kwa maneno mengine, chui wa Cornwall naye ni chui wa kufugwa. Ana mwenyewe asiyejulikana, aliyetenda kwa siri, na anayestahili lawama kwa kondoo walioliwa. Ufugaji wa Uingereza ni ule wa kizimba na leseni, na wa Unguja ni ule wa masharti na siri. Lakini usimulizi una kiunzi kimoja. Mnyama anapoonekana mahali ambapo wasimulizi hawamtarajii, husakwa mtu wa kubeba dhamana ya kuwapo kwake.

Tofauti kubwa iko katika historia. Unguja ilikuwa na chui wake wa asili, na kuonekana kwake msituni hakukuhitaji maelezo yoyote ya ziada. Kwamba maelezo ya mfugaji yalitawala hata huko ni dalili ya jinsi mwitu wenyewe ulivyokuwa umepungua katika fikra za watu. Kadiri msitu ulivyobanwa, ndivyo ilivyokuwa rahisi zaidi kuamini kwamba kila chui ametoka katika nyumba ya mtu.

6.0 Matokeo ya Sentensi

Mtu anaweza kuuliza: kama habari zimegeuka kuwa mazungumzo juu ya majirani, kwa nini zishughulikiwe kwa uzito mkubwa hivi? Jibu liko katika yale yaliyotendwa kwa kuzitegemea.

Kwanza, kampeni iliyofuata Mapinduzi ya 1964 ilisimama juu ya kauli za aina ya (5). Ikiwa chui katumwa, basi kumwua chui hakutoshi bila kumfichua mtumaji, na kumfichua mtumaji hakutoshi bila kumwua chui. Kampeni hiyo ilifanya yote mawili kwa pamoja. Wanavijiji walituhumiwa kwa kosa lisiloweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa kawaida, na spishi iliyokuwa tayari imedhoofika ilipata pigo ambalo yaelekea haikuinuka tena.

Pili, tathmini za hifadhi zilijikuta njia panda. Katika miaka ya 1990 mradi wa hifadhi wa Jozani na Ghuba ya Chwaka, uliofadhiliwa kupitia shirika la CARE, uliandaa mpango wa kumhifadhi chui. Mwaka 1997 mpango huo uliachwa baada ya watafiti kutopata ushahidi wa kuendelea kuwapo kwake ndani na kandokando ya Jozani. Maofisa kadhaa wa wanyamapori walibaki na matumaini, na miongoni mwa sababu zao zilikuwa habari zisizokoma kutoka vijijini. Upande mmoja ulihesabu habari hizo kama data. Upande mwingine ulizihesabu kama ushirikina. Pande zote mbili ziliziacha bila kuzichambua.

Tatu, msitu wenyewe umewahi kuwashangaza wataalamu. Aina ya kanu wa Unguja, *Genetta servalina archeri*, haikuelezwa kitaalamu hadi mwaka 1998, na ilipigwa picha akiwa hai kwa mara ya kwanza mwaka 2003, kwa kamera zilizotegwa Jozani. Kamera hizo hazikunasa chui. Kisa hiki kinakataza haraka ya aina mbili. Hakifai kutumiwa kudai kwamba chui naye lazima amejificha, kwa sababu chui ni mnyama mkubwa anayeacha nyayo, mizoga na vinyesi. Wala si halali, kwa upande wa pili, kuudharau ujuzi wa watu wanaoingia msituni kila siku kutafuta kuni, kukata miti na kuwinda, ati kwa sababu tu maelezo yao hayajapata uthibitisho wa maabara.

Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionyesha video fupi ya usiku iliyonaswa na kamera ya kutegwa, na kudai kwamba mnyama aliyemo ni chui wa Unguja. Dai hilo lilienea haraka duniani, lakini halikuumaliza mjadala. Kwa mtazamo wa makala hii, inafaa kutambua kwamba vyombo vya habari vilirudia palepale penye kauli ya kutendeka: chui *ameonekana*. Aliyeona nini, kwa muda gani, na kwa dalili zipi za utambuzi, ni mambo yaliyobaki nje ya vichwa vya habari.

7.0 Namna ya Kuupokea Ushuhuda

Uchambuzi huu hauwezi kuamua kama chui yumo Unguja. Kazi hiyo itaamuliwa na kamera, vinyesi, manyoya na vinasaba. Kinachowezekana ni kutenganisha ushuhuda unaoweza kumsaidia mwanazuolojia na ule unaoeleza jambo jingine. Mapendekezo manne yanafuata.

La kwanza ni kuirudisha habari kwenye umbo la (1). Mhoji anaposikia "kaonekana", kazi yake ni kuuliza kwa upole nani alimwona, na kuufuata mnyororo hadi kwa mtu aliyekuwapo. Iwapo mtu huyo hapatikani, habari iandikwe kama tetesi, jambo lisiloiondolea thamani yake kwa mtafiti wa fasihi simulizi.

La pili ni kuhifadhi maneno yenyewe. Dokezo lililoandikwa kwa lugha ya kigeni wakati wa mahojiano hufuta tofauti kati ya *alionwa*, *kaonekana* na *huonekana*, na hulifanya neno *kufuga* kuwa la zizi tu. Kusini na mashariki mwa kisiwa, ambako Kimakunduchi kinasemwa, maumbo ya nyakati hutofautiana na ya mjini, na kuyasawazisha katika Kiswahili sanifu ni kupoteza ushahidi.

La tatu ni kupanga maswali. Maelezo ya mnyama yatangulie, yaani mahali, saa, umbali, rangi, mkia na mwendo. Swali la mwenyewe lisiulizwe na mhoji kabisa. Msimulizi akilitaja kwa hiari yake, liandikwe kando, na majina ya wanaotuhumiwa yasitoke katika daftari la mtafiti. Historia ya miaka ya 1960 inatosha kuonyesha kwa nini.

La nne ni la haraka kuliko yote. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa Mapinduzi sasa amepindukia miaka 80. Kizazi kilichowajua chui walipokuwa bado jambo la kawaida, kikajua pia tofauti ya masimulizi kabla na baada ya kampeni, kinakwisha. Pamoja nacho unakwisha msamiati wa wasasi, majina ya mahali penye mapango, na namna ya kusimulia juu ya chui ambaye hakuwa wa mtu.

8.0 Hitimisho

Methali inayotajwa mara nyingi kuunga mkono habari za chui ni "Lisemwalo lipo; kama halipo laja." Aghalabu huchukuliwa kama hoja ya kuamini: watu wengi hawawezi kusema jambo lisilokuwapo. Lakini upatanisho wa methali hiyo unastahili kuzingatiwa. Kiambishi *li-* ni cha ngeli ya jambo au neno, si cha kiumbe. Methali haisemi kwamba *asemwaye yupo*. Inasema kwamba *lisemwalo* lipo. Katika vijiji vya Unguja jambo hilo bila shaka lilikuwapo na lingalipo: hofu ya kudhuriwa kwa siri, magomvi ya majirani, kumbukumbu ya kampeni, na msitu uliopungua.

Kama pembeni mwa jambo hilo kuna pia chui, idadi ya watu wanaosema kaonekana haitatosha kumthibitisha; wala haitakuwa haki kuwaita waongo. Atakayetaka kumjua itampasa aanze kwa kumtafuta mtu mmoja anayeweza kusema, kwa kiima kilicho wazi, kwamba yeye mwenyewe alimwona, kisha amsikilize hadi mwisho kabla hajauliza chui huyo ni wa nani.